Nilimshonea binti yangu gauni la binti mfalme, akalivua baada ya dakika kumi

Shangazi, shikamoo.

Nimekuwa nikisoma majibu unayowapa wenzangu nikijiambia kwamba yangu si shida ya kuandikiwa barua. Jana usiku nikafungua kabati, nikaliona lile gauni, machozi yakanitoka. Ndiyo maana naandika.

Binti yangu mkubwa ametimiza miaka 6. Kwa miezi mingi ombi lake lilikuwa moja tu: gauni la binti mfalme, la bluu, "linalofika chini kabisa". Cherehani ninayo na nilijifunza mwenyewe. Nimeshona mapazia, foronya na sketi za kawaida. Nikaamua nitamshonea, nisimnunulie lile la kwenye mfuko wa plastiki ambalo kila mtoto analo. Nilitaka awe na kitu kilichopita mikononi mwa mama yake.

Wiki tatu, Shangazi. Nilishona watoto wakishalala, kuanzia saa tatu mpaka saa sita usiku, siku nyingine mpaka saa saba. Nilitumia satini inayong'aa. Nikaweka neti matabaka manne, yote nikayavuta marinda na kuyashona kiunoni pamoja na sketi ili litanuke vizuri. Nikaweka zipu ndefu mgongoni, lesi shingoni, na puleki nilizozishona moja moja kwa mkono kuzunguka kifua hadi chini ya makwapa. Satini ilinitesa. Ilikuwa ikiteleza, ikitoa nyuzi, pini zikaacha matundu, na vipande viwili vya sketi vikaonekana kama vya rangi mbili ingawa nilivikata kwenye kitambaa kimoja. Lakini lilipokwisha nililitundika mlangoni, nikaketi chini nikalitazama. Sijawahi kushona kitu kizuri kama kile.

Siku yake ya kuzaliwa alilivaa dakika kumi. Tukapiga picha moja. Kisha akaanza kujikuna shingo. Akapanda ngazi, akakanyaga pindo, akaanguka na magoti. Akataka kwenda chooni, tukajaribu kumvua, zipu ikakwama. Mwisho akalia mbele ya wageni: "Mama linanichoma, nitoe!" Sherehe yake akaimalizia na fulana na kaptura.

Nami nikafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma kuliko gauni lenyewe. Nilimvuta kando nikamwambia, "Wewe hujui shukrani." Akanyamaza. Tangu siku ile halitaji gauni, na nikikaa kwenye cherehani yeye huhamia chumba kingine.

Dada yangu anasema ningenunua tu nikalala usingizi wangu. Mume wangu anasema niachane na mambo haya. Lakini baada ya miezi miwili darasa lao lina mchezo wa kuigiza, naye amepewa nafasi ya binti mfalme. Kila mzazi ameambiwa aandae vazi. Mdogo wake wa miaka 3 naye anataka "kama la dada", pamoja na joho la kufunga shingoni. Sijui nishone tena au ninunue. Wala sijui nilipokosea. Ni kitambaa, ni mkono wangu, au ni mtoto?

Mama wa mabinti wawili

*

Marahaba mwanangu.

Si mtoto, wala si mkono wako. Aliyeweza kushona puleki moja moja saa sita za usiku ana mkono mzuri. Ulikosea jambo moja, na wengi wetu tunaoshona tumelikosea: gauni ulilishona ukilitazama kwa nje. Kwa kutundikwa mlangoni lilikuwa kamili. Kwa mwili wa mtoto anayekimbia, anayechuchumaa na anayebanwa na haja, lilikuwa bado halijaanza kushonwa.

Hayo yanarekebishika, nitakuonyesha. Lakini kwanza lile neno.

Mwendee binti yako leo, si siku utakayomaliza gauni jipya. Usimwendee na zawadi mkononi. Mwambie: "Gauni lilikuwa linachoma, ulisema kweli. Mimi nilikuwa nimechoka nikakasirika, na sikupaswa kukuambia vile. Nisamehe." Uishie hapo. Usiongeze "lakini na wewe", usimsimulie usiku uliokesha. Mtoto wa miaka 6 aliyesema linamuuma alikuwa anakueleza habari za ngozi yake, na hilo ndilo tunalotaka wasiache kutuambia mpaka wawe wakubwa.

Kisha, akiwa tayari, litoeni gauni kabatini. Ligeuze ndani nje, ulitandaze mezani, umpe chaki ya fundi. Mwombe akuchoree alama kila mahali lilipomuuma. Usimsaidie, usimwongoze, usijitetee. Nimelifanya hili na watoto wengi na bado linanishangaza jinsi wanavyokumbuka sawasawa. Atachora shingoni. Atachora kiunoni, pengine mduara mzima. Atachora kwapani. Alama hizo ndizo zitakazokuongoza, na atakuwa amerudi kwenye meza ya cherehani kwa miguu yake.

Mimi nilijifunza kwa njia mbaya zaidi. Gauni la kwanza nililomshonea mpwa wangu alilivaa mchana kutwa bila kulalamika, kwa sababu alikuwa mtoto mpole na hakutaka kunivunja moyo. Jioni nilipomvua nilikuta kiunoni mstari wa vidoa vyekundu, umemzunguka kama mkanda. Tangu siku hiyo hakuna nguo ya mtoto inayotoka kwangu kabla sijaipitisha upande wa ndani kwenye ngozi ya chini ya kidevu changu, polepole, mshono kwa mshono. Vidole vyetu vimezoea sindano na havisikii vizuri. Shingo inasikia.

Sasa tukiangalie kiuno chako, maana hapo ndipo penye kosa kubwa. Neti hufumwa kwa nailoni au poliesta, na ukiikata kila kijitundu kilichokatwa huacha ncha ngumu. Mtoto wa umri wake ana kiuno cha sentimita 55 hivi. Neti ikivutwa marinda ili itanuke hukatwa mara tatu ya kiuno, yaani sentimita 165. Wewe uliweka matabaka manne. Hesabu: ni zaidi ya mita 6 na nusu za ukingo uliokatwa, zimesongamana kwenye duara la sentimita 55, juu ya tumbo la mtoto, bila kitu cha kuzitenganisha na ngozi. Asingeweza kulivumilia hata mtu mzima.

Dawa yake ni gagulo. Neti usiishone kwenye gauni kabisa. Kata sketi nyepesi ya pamba laini iliyokwisha kufuliwa (pamba hunywea, heri inywee kabla ya kukatwa), itie lastiki pana kiunoni, uiache ining'inie bila marinda mengi. Hilo ndilo gagulo. Neti ianzie sentimita 15 chini ya kiuno, ishonwe juu ya ile pamba kwa nje, na ukingo wake uufunike kwa utepe. Tabaka la pili lianzie chini zaidi. Hivyo unene unakuwa chini, mahali sketi inapotakiwa kutanuka, na kiuno kinabaki chembamba. Upande wa ndani ni pamba tupu kutoka juu mpaka chini. Pamba hiyo iwe ndefu kuliko neti kwa sentimita 2 au 3, la sivyo neti itakwangua miguu.

Kuivuta neti marinda kwa mshono wa kawaida ni kazi ya kukata tamaa, uzi hukatika ukikaribia mwisho. Weka cherehani kwenye zigizaga pana, laza uzi mnene na imara juu ya neti, kisha shona ile zigizaga ikiuruka uzi huu bila kuutoboa. Ukimaliza funga ncha moja, vuta nyingine. Neti itateleza juu ya uzi kama pazia kwenye fimbo. Kabla ya kuvuta, gawa neti na gagulo sehemu nne nne kwa pini zenye vichwa vikubwa, ulinganishe robo kwa robo, marinda yasirundikane upande mmoja. Zihesabu pini unapoziweka na unapozitoa. Pini iliyopotea ndani ya neti huja kuonekana mwilini mwa mtoto.

Neti yako ya zamani inatosha kazi hii, kwa hiyo usiitupe. Fumua kiuno chote. Ukingo wa neti hautoi nyuzi, hauhitaji pindo wala ovaloki, na ukiona umechakaa kata sentimita moja tu uendelee. Pasi iwe ya joto la chini na kitambaa katikati, kwa sababu neti huyeyuka ghafla bila kutoa onyo.

Satini nayo. Watu wengi hudhani satini ni jina la uzi, kumbe ni jina la namna ya kufuma. Inaweza kuwa ya hariri, ya poliesta, hata ya pamba. Uzi mmoja hupita juu ya nyuzi kadhaa kwa mkupuo kabla ya kuzama chini, na kile kipande kirefu kinacholala juu ndicho kinachong'aa. Hapo ndipo zinapotoka shida zako zote. Uzi usiobanwa huteleza, ukikatwa hufumuka, na mwanga huuangukia kwa upande mmoja. Vipande vyako viwili vilitofautiana rangi kwa sababu, naamini, kimoja ulikigeuza juu chini ili kuokoa kitambaa. Satini vipande vyote hukatwa vikitazama upande mmoja, hata kama kitambaa kitapotea. Ikate ikiwa tabaka moja, na karatasi chini yake ili isitembee. Pini ziishie ndani ya nafasi ya mshono tu. Sindano iwe mpya na nyembamba, namba 60 au 70. Ukingo uuachie sentimita moja na nusu, kisha upige ovaloki au uufiche kwa mshono wa kufunika: shona kwanza ndani kwa ndani (upande unaong'aa ukiwa nje) kwa nusu sentimita, punguza nyuzi, geuza, shona tena kwa sentimita moja. Mshono huo ukiupitisha chini ya kidevu husikii chochote.

Lakini kwa gauni la mchezo wa kuigiza sikushauri sketi ya satini. Muulize binti yako swali hili kabla hujanunua chochote: gauni la binti mfalme likikosa nini si la binti mfalme tena? Watoto niliowauliza mimi mara chache walitaja puleki, na lesi hakuitaja hata mmoja. Wengi husimama wakajizungusha. Wanataka sketi inyanyuke iwe mviringo wanapozunguka, basi. Kama na wako atazunguka, mkatie sketi ya duara ya pamba nyepesi ya bluu. Satini uliyonayo ifanye mkanda wa kiunoni na mikono mifupi iliyofura, hapo mng'aro wake utaonekana na hautamgusa.

Duara hukatwa kwa hesabu ndogo. Kiunoni nguo iwe pana kuliko mwili ili aingie bila zipu, tuseme sentimita 72 kwa mwenye kiuno cha 55. Gawa 72 kwa 6.28, unapata karibu 11 na nusu, ambayo ni umbali kutoka katikati ya kitambaa hadi mstari wa kiuno. Ukataji wenyewe uwe sentimita moja ndani ya mstari huo, kwa ajili ya mshono. Kutoka kwenye mstari pima urefu wa sketi na pindo. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 humtosha mtoto wa miaka 6 bila kuunga. Ukishaikata itundike usiku mzima kabla ya kuikunja pindo. Kitambaa kilichokatwa mshazari hujivuta kwa uzito wake, na ukikunja mapema kesho yake utakuta pindo limekwenda juu na chini.

Mgongoni acha zipu. Kata kipande cha mgongo cha sehemu ya juu kiwe kipana mara moja na nusu au mbili ya kinachohitajika, ukipige uzi wa lastiki. Uzi huo uzungushe kwenye bobini kwa mkono, usiuvute hata kidogo. Juu weka uzi wa kawaida, hatua ya mshono iwe ndefu, milimita 4. Shona mistari iliyoachana sentimita moja. Mstari wa kwanza utakukatisha tamaa kwa sababu hauvutiki sana. Endelea. Ukimaliza yote, sogeza pasi ya mvuke karibu bila kuigandamiza, utaona kitambaa kinajikusanya chenyewe mbele ya macho yako. Kwenye kiungo cha sketi nyuma pitisha lastiki, nguo ibane na iachie. Mtoto atalivaa kwa kupitisha kichwani, atalivua mwenyewe, chooni atanyanyua tu. Lijaribu kwanza likiwa limeshikizwa kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, uhakikishe linapita mabegani.

Urefu nisikufiche: hapo ulimtii mno. "Linalofika chini" kwa mtoto ni linalomgusa kifundo cha mguu, hajui tofauti ya sentimita 5, lakini ngazi inaijua. Pindo likome juu kidogo ya kifundo, na upime akiwa amevaa viatu atakavyovaa siku hiyo. Mtoto wa umri huu hukua sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Kama ungebaki na sketi ya marinda ya kuvuta ningekwambia ukunje ndani kunjo la sentimita 3, linalokula kitambaa cha sentimita 6, uje kulifumua mwakani. Kwenye duara haliwezekani, kwa kuwa mzunguko wa chini ni mrefu kuliko wa juu yake. Hapo mwakani utaongeza ukanda wa rangi nyingine chini.

Shingo iwe ya pamba, na bitana ya sehemu ya juu yote iwe pamba, mishono ikifichwa katikati ya bitana na kitambaa cha nje. Lesi mimi siiweki shingoni kwa mtoto chini ya miaka 10, nimeacha kabisa. Ukiitaka iweke kwenye mkanda. Puleki zirudi kifuani katikati tu, mahali ambapo mkono haupiti. Puleki ya kwapani hukwangua mkono kila mtoto anapoushusha.

Kabla ya yote hayo, shona sehemu ya juu kwa shuka kuukuu. Hili ndilo lingekuokoa wiki tatu. Watoto hawana kiuno kinachoonekana, kwa hiyo mfunge kamba, mwambie ajipinde kushoto na kulia mpaka kamba itulie mahali pake, halafu pima kutoka kifupa cha nyuma ya shingo mpaka kwenye kamba. Kifuani ongeza sentimita 5 hadi 7 juu ya kipimo cha mwili. Mvalishe ile shuka, umwambie anyanyue mikono, akae sakafuni, achuchumae, atambae chini ya meza. Ikimbana popote, kata kwa mkasi hapo hapo. Shuka haina uchungu.

Mdogo wake usimshonee gauni. Wa miaka 3 anavaa na kuvua mara nane kwa siku. Mshonee sketi tu ya lastiki yenye neti juu na pamba ndani, avae na fulana yake ya rangi inayofanana. Ushanga na puleki zisiwepo kabisa, huzing'oa wakazitia mdomoni. Na lile joho, mwanangu, lisifungwe kwa kamba shingoni, hata kama atalia. Kamba ikinaswa kwenye bembea, mlango au kitasa, mtoto hana nguvu ya kujinasua. Kiwango cha Ulaya, EN 14682, hakiruhusu kamba yoyote shingoni wala kwenye kofia za nguo za watoto walio chini ya miaka 7, mavazi ya kuigiza yakiwemo. Weka vipande viwili vidogo vya Velcro mabegani, joho lishikane na fulana. Likivutwa, linabanduka lote. Jaribu mwenyewe kulivuta kwa vidole viwili. Likikataa, punguza Velcro.

Na moto. Neti ina hewa kila upande, ikishika moto huenda haraka, na nailoni na poliesta zikiyeyuka hunata kwenye ngozi. Mishumaa ikiwashwa, gagulo livuliwe kwanza. Usidhani la dukani lina usalama zaidi: Ulaya vazi la kuigiza la mtoto huhesabiwa kisheria kuwa kichezeo, na moto wake hupimwa kwa kanuni za vichezeo, si za nguo.

Umeniuliza ununue au ushone. Kununua si dhambi, na kama miezi hii miwili una mzigo mwingine, nunua. Ila ukinunua fanya yale yale: geuza ndani nje, pitisha chini ya kidevu, halafu lishonee bitana ya pamba. Mengi ya hayo hayana bitana na kiuno chake kina neti ile ile. Kama moyo wako unataka kushona, nami nauona kwenye barua yako kwamba unataka, shona. Ila si saa sita za usiku. Shona mchana, nusu saa nusu saa, naye akiwa hapo, kazi yake ikiwa kukupa pini na kuzihesabu. Atakuwa anavaa kila hatua, kwa hiyo hakutakuwa na siku ya kulizindua na kungoja uso wake.

Jambo la mwisho, mwekee mfuko. Kwenye mshono wa ubavuni, wa pamba, wenye kina cha kumeza kiganja chake chote. Muulize anaandika kwa mkono upi, uushone upande huo.